Pikapu Iliyojengwa Kutoka Nyuma

Nimemwogopa Mwalimu zaidi ya nusu ya maisha yangu, na kwa sababu mbili tofauti. Kwanza niliyaogopa macho yake, yaliyoona kazi yangu imepinda kabla mimi mwenyewe sijaona. Hofu hiyo niliizoea, na kusema kweli niliipenda kidogo. Hofu ya pili ilianza miaka sita iliyopita, wiki aliyomzika mkewe, na hiyo sikuizoea hata siku moja. Nitazieleza zote mbili, ila sitazipanga vizuri, maana hata kichwani mwangu hazijapangika.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, wapo wanaoweza kueleza hayo kuliko mimi. Mimi nilimkuta tayari ni Mwalimu, katika karakana ya chuo kimoja cha ufundi Thika, nikiwa msichana peke yangu kati ya wavulana thelathini na mmoja. Siku ya kwanza alitugawia kila mmoja kipande cha chuma na tupa ya kukisugulia, akasema tukifanye kiwe mraba. Basi. Nilikaa siku nne na kipande kile. Nilipompelekea, alikiweka kwenye pembe ya kupimia, akakiinua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja.

"Mwanga inapita hapa," akasema. "Rudia."

Nilirudia mara tisa. Wavulana waliorudia mara tatu walianza kunicheka, mpaka yeye mwenyewe akawaonyesha vipande vyao dirishani, kimoja kimoja, na mwanga ukapita katika vyote. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza nimekuja kufanya nini kule.

Ukimwambia kitu kina urefu wa kama sentimita tano hivi, alikuuliza, "Umepima ama umesikia?" Alituuliza sisi, alimuuliza mkuu wa chuo, na siku moja alimuuliza mchungaji katikati ya mkutano wa wazee wa kanisa kuhusu ukubwa wa paa jipya. Mchungaji alikuwa amesikia tu. Mkutano uliahirishwa hadi mtu apande na futi.

Sasa mtu huyo wa vipimo alichelewa kila mahali. Alichelewa darasani, alichelewa ibadani, na siku ya sherehe ya kumuaga alipostaafu alifika watu wameshaanza kula. Hakuomba radhi. Alisema alikuwa akimalizia kitu, na kweli vidole vyake vilikuwa vina gundi.

Tena alikuwa mkali wa ukweli, lakini alidanganya kwa ajili yangu. Mwaka wa pili mama yangu aliugua, nikakosa masomo wiki saba. Sheria ya chuo ilisema aliyekosa kiasi hicho asifanye mtihani. Mwalimu aliandika katika daftari la mahudhurio kwamba nilikuwepo kila siku, kwa mwandiko ule ule ulionyooka. Nilipojaribu kumshukuru alikasirika. "Sitaki kusikia hiyo maneno, Nyambura. Enda ushike tupa." Nilifanya mtihani, nikapita, na leo nina gereji yangu Ruiru. Kila nati niliyowahi kukaza, niliikaza kwa sababu ya uongo wa mtu asiyependa uongo. Nimeliwaza hilo sana miaka hii.

Hasira yake ilikuwa fupi na ya kutisha. Haikuwaangukia watu sana, iliangukia kazi yake mwenyewe. Nimemwona akiweka mlango wa lori kwenye meza, mlango usiozidi kidole gumba, uliomchukua wiki tatu, na kuuponda kwa nyundo kwa sababu bawaba ilikosea kwa unene wa karatasi. Halafu akafagia vumbi, akachukua bati jingine.

Hapo ndipo nifike kwenye magari yake. Alikuwa akijenga magari madogo tangu kabla sijamjua, na alipostaafu na kuhamia Ruiru, kwenye ploti yake ya zamani nyuma ya mtaa wa Membley, ikawa ndiyo kazi yake ya kila siku. Si magari ya kuchezea. Kila kitu kilikuwa moja kwa kumi na mbili: sentimita kumi na mbili za gari la kweli zilikuwa sentimita moja kwake. Usukani uligeuza magurudumu. Ukifungua boneti ulikuta mkanda wa feni. Vifaa havikununuliwa. Bodi ilitoka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, taa kwenye vifuniko vya dawa, magurudumu kwenye ndala zilizochakaa, na nyaya zote za umeme zilitoka ndani ya chaja za simu zilizokufa, ambazo majirani walimletea kwa mifuko.

Watoto wa Membley walikuja kuangalia, na wazazi wao waliomba kununua. Aliwauzia wachache. Mmoja alimletea zawadi kutoka ng'ambo, boksi la gari la plastiki la kuunganisha, sehemu zote zimeshakatwa tayari. Alimshukuru kwa adabu, akaliweka juu ya kabati. "Hapo mtu mwingine ameshafanya kazi," aliniambia. "Mimi nitafanya nini, nilambe gundi?" Lakini hakulitupa, na najua alilifungua akachungulia, maana nilikuta alama za vidole vyake juu ya vumbi la boksi.

Alikuwa na sharti moja lililowashinda watu kulielewa. Hakutengeneza sehemu yoyote ambayo hajaishika mkononi. Picha hazikumtosha. Kama anajenga komeo la mlango, lazima ashike komeo la mlango wa gari la aina hiyo hiyo, alipime kwa venia yake, kile kipimo cha chuma chenye meno mawili, aliandike kwenye kitabu, ndipo akate bati. Aliwahi kubisha geti la mtu asiyemjua pale Membley, akamwomba ruhusa ya kushika kioo cha pembeni cha gari lake. Mlinzi alimshika mkono akidhani ni mwizi. Mwenye gari alipotoka na kusikia maelezo, alimwachia, na Mwalimu akakaa pale nusu saa akipapasa kioo huku mlinzi amesimama nyuma yake na rungu.

Mkewe alilicheka sana jambo hilo. Sote tulimwita Mama wa Miche. Alikuwa na kitalu cha miche ya avokado nyuma ya nyumba, na pikapu ndogo ya buluu ya kuipeleka kwa wateja Thika na kwingineko. "Huyu mzee anajengea panya gari," aliniambia, "na mimi yangu inapiga kelele hataki kuiangalia." Ilikuwa kweli. Mwalimu hakuendesha gari. Aliyaogopa, nadhani, magari ya ukubwa wa kawaida. Kwa hiyo pikapu ile iliangaliwa na mimi.

Nitasema sasa nilichofanya, kwa sababu bila hicho hamtaelewa kwa nini niliogopa kila nilipoingia katika nyumba ile.

Mama wa Miche aliileta pikapu kwangu asubuhi moja, usukani unacheza. Nilibadilisha kiungo kinachoshika usukani na gurudumu la mbele kushoto. Kiungo hicho hufungwa kwa nati, na nati huzuiwa isijifungue na pini ndogo ya miguu miwili: unaipitisha kwenye tundu la bolti, unakunja miguu, kwisha. Pini ya zamani ilinivunjikia mkononi. Duka la spea la karibu lilikuwa limefungwa, mwenyewe ameenda mazishi. Mama wa Miche alikuwa amesimama mlangoni, mteja anampigia simu, miche mia mbili imeshapakiwa. Nikachukua waya wa kufungia nondo, nikaupitisha kwenye tundu, nikauzungusha, nikaukata.

"Kesho rudisha niiangalie tena," nilimwambia.

"Kuna shida?"

"Hapana, mama. Ni kuangalia tu."

Hakurudi kesho yake, na mimi sikumpigia. Siku ya nne, mvua ikinyesha, pikapu iliacha barabara kwenye mteremko wa kwenda daraja la Chania. Alikufa kabla ya kufika hospitali. Gurudumu la kushoto lilikuwa limeng'oka lote pamoja na kiungo chake, na mabaki yaliuzwa kama vyuma chakavu kabla ya mazishi kwisha. Mpaka leo sijui kama ni waya. Huenda ni mvua. Huenda ni tope. Hilo la kutojua nililishikilia kwa mikono miwili.

Lakini watu wengine walijidai kujua upesi. Ripoti ya polisi ilisema mwendo wa kasi. Kwenye matanga nilisikia akina mama wakinong'ona kwamba alizoea kukimbiza gari kwa ajili ya wateja, kwamba tamaa ya pesa ya miche ndiyo imemmaliza. Na binti yao wa pekee, anayefanya kazi Juja, alisema kwa sauti mbele ya watu wote, "Nilimwambia mum mara ngapi apunguze speed." Mwalimu alikuwa ameketi karibu naye. Nilikuwa nimesimama na sinia ya vikombe mkononi, na nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza. Niliogopa polisi, niliogopa kupoteza gereji, lakini zaidi ya yote niliogopa anitazame.

Mwezi mmoja baadaye alinitumia habari niende. Nilimkuta mezani na karatasi kubwa ya michoro.

"Naanza pikapu yake," akasema. "Umewahi kumwona akikimbiza gari, wewe?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mimi pia. Miaka thelathini na nane nimekaa kando yake, kila siku namwambia aongeze mwendo tunachelewa kanisa, anakataa. Sasa gari haiwezi kujigeuza. Kuna kitu. Nitaijenga yote, kila kitu, na hicho kitu nitakipata. Wewe ndio uliiguza mwisho, kwa hivyo utanisaidia."

Alianza nyuma. Alisema ni kwa sababu sehemu ya mizigo ndiyo aliyoipenda mkewe. Mimi nilipiga hesabu ya haraka kichwani: bodi ya nyuma, ekseli ya nyuma, shafti, giaboksi, injini, halafu magurudumu ya mbele. Nilijua pale pale kwamba ninayo miaka kadhaa, na kwamba itakwisha.

Nilienda kila Jumamosi mchana. Kama ningeacha kwenda angeuliza kwa nini. Tena nilimpenda, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Nilimletea sehemu azishike: komeo la mlango wa nyuma, springi, kikombe cha breki. Alizipima, akaandika, akanirudishia zikiwa safi kuliko nilivyozileta. Nilimwona akichonga trei za miche kwa wembe, trei kumi na mbili, na ndani yake akapanda vipande vya sifongo vya kijani. Nilikunywa chai yake mbaya, maana tangu mkewe aondoke alichemsha majani mpaka yakawa meusi. Nilicheka alipofanya utani. Huku jicho langu likipima kila wakati umbali kutoka pale alipofika hadi gurudumu la mbele kushoto.

Mwaka wa tatu, alipofika kwenye giaboksi, niliogopa kiasi cha kufanya upumbavu. Nilimpa kipimo cha uongo cha chuma kinachobeba giaboksi, ili nimcheleweshe. Nilisema chenyewe ni kizito kukileta, nimekipima mimi. Kwa mara ya kwanza alilivunja sharti lake, kwa sababu ni mimi niliyesema. Akakijenga, giaboksi ikakataa kukaa, akabomoa sakafu yote ya mbele. Alipoteza miezi miwili. Nilipofika Jumamosi iliyofuata alinitazama juu ya miwani.

"Nyambura. Hii ulipima ama ulisikia?"

"Nilikosea, Mwalimu. Pole."

"Haujawahi kukosea milimita nne tangu nikujue." Aligeuza chuma kile mezani. "Ni uchovu," akasema mwishowe. "Wewe unafanya kazi sana. Wiki ijayo usikuje, pumzika." Akanipa avokado mbili za miti ya mkewe niende nazo.

Nilienda nyumbani, nikakaa kwenye gari langu mbele ya geti mpaka mume wangu akatoka kuuliza kulikoni. Sikumwambia. Hakuna niliyemwambia.

Binti yake alikuja kumwona mara chache, na walikuwa hawaongei sana. Siku moja nilimkuta pale. Alitazama pikapu mezani, ikiwa nusu, na trei zake za miche. "Baba, hii itakusaidia nini?" akauliza. "Mum alikimbiza gari. Tumekubali, tuendelee na maisha." Mwalimu aliendelea kusugua msasa. Binti alipoondoka, Mwalimu aliniambia, bila kuinua kichwa, kwamba huyo mtoto alikuwa akilala mgongoni mwa mamake huku mama akipanda miche, na sasa hawezi kupita hata kwenye kaburi lake.

Mwaka huu injini ilikwisha. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, hivyo alishikilia kibano kwa mkono mmoja na kuuzuia mkono huo kwa mwingine. Akafanya breki. Akafanya usukani na vyuma vyake vyote. Halafu Jumamosi moja, nikiwa natafuta viatu vyangu mlangoni, akaniita.

"Imebaki kiungo cha kushoto. Nati nimetengeneza. Wiki ijayo niletee ile pini, size ile ile uliweka. Nataka kuishika."

Nilisema sawa. Sijui nilifikaje nyumbani.

Jumatatu nilinunua pini mpya Thika, ya ukubwa unaotakiwa. Niliikunja, nikaikunjua, nikaisugua kwenye grisi chafu mpaka ikaonekana imetumika. Ijumaa nilikata kipande cha waya wa nondo kwenye roli ile ile, ambayo sikuwahi kuitumia tena wala kuitupa. Jumamosi nilienda na pini katika mfuko wa kulia wa ovaroli na waya katika wa kushoto. Njia nzima nilijiambia kwamba nitatoa pini. Mzee ana miaka sabini na saba. Kuna faida gani?

Alikuwa amesafisha meza. Pikapu ilisimama katikati, ya buluu, imekamilika isipokuwa gurudumu moja lililolala kando. Aliketi, akanyoosha kiganja.

"Leta."

Nilitia mkono mfuko wa kulia, nikaishika pini.

"Nikishaweka hiyo nimemaliza," akasema. "Nimeangalia yote, Nyambura. Breki ilikuwa sawa. Usukani sawa. Hakuna mahali nimekosa kuangalia. Kwa hivyo nikiweka hii, nitapigia msichana wangu simu, nimwambie alikuwa na haki. Mama yake alikimbiza gari. Nitamwambia mimi ndio nilikuwa mjinga miaka hii yote."

Niliiacha pini mfukoni. Nilitoa waya, nikauweka kiganjani mwake. Nilishika ukingo wa meza.

Aliutazama. Aliuleta karibu na miwani.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo niliweka, Mwalimu. Duka lilikuwa limefungwa. Nilimwambia arudi kesho. Sikumwambia kwa nini."

Nilingoja nyundo. Ilikuwa pale pale karibu na mkono wake, na kwa kweli nilitamani aichukue. Alichukua venia. Aliuweka waya katikati ya meno ya kipimo hicho, mara ya kwanza ukaanguka, akauokota, akajaribu tena. Alisoma. Akafungua kitabu.

"Moja nukta sita," akasema. "Uliuzungusha mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Miguu ulikunja?"

"Hapana. Nilikata tu."

Aliandika yote matatu, polepole, kwa mwandiko ulionyooka. Alifunga kitabu. Alivua miwani, na hapo ndipo aliponitazama, na lile nililoliogopa miaka sita lilikuwa machoni mwake lote, na sikuweza kuangalia pembeni. Mvuke wa ile chai nyeusi ulikuwa bado unapanda. Nilisema pole, na neno lenyewe likanitia aibu.

Alivuta simu yake, akatafuta jina la binti yake, akabonyeza, akaiweka mezani kati yetu. Iliita mara tatu.

"Baba?" sauti ya binti yake ikasema. "Uko sawa?"

Mwalimu aliisukuma simu upande wangu.

"Baba?"

"Si baba," nikasema. "Ni Nyambura wa gereji. Ni kuhusu mama yako."